Hema dogo la mzazi na mtoto: la watu wawili linatosha au nichukue la watatu?

#1 BabaNasra
Wakuu habari. Nina binti wa miaka sita. Tangu aone mahema ya skauti shuleni kwao hanipi nafasi: "Baba na sisi tulale kwenye hema." Nimekubali. Tunatoka Ijumaa jioni, tunarudi Jumapili mchana, mimi na yeye tu. Mama yake kasema yeye na kulala chini walishaachana. Tunaanzia Kigamboni, upande wa Kimbiji, mambo yakienda vizuri siku nyingine tunapanda Pugu.

Jana nimezunguka Kariakoo. La kwanza nililoona ni lile la kufyatua, unalirusha linasimama lenyewe, kitambaa kimoja tu, sentimita 200 kwa 150, elfu tisini. La pili lina tabaka mbili, neti ndani na turubai nje, fito mbili za kuunganisha, wameandika watu wawili, 210 kwa 140, laki na thelathini. Lipo na la watu watatu la aina hiyohiyo, 210 kwa 180, laki na themanini.

Jirani yangu anasema la wawili linatosha maana mtoto ni nusu mtu. Ila huyohuyo jirani ana lile la kufyatua, alilala nalo ufukweni na mwanawe, asubuhi ndani pamelowa na mvua haikunyesha hata tone. Kwa hiyo maswali mawili: wawili au watatu? Na hayo maji yalitoka wapi?

#2 Kijogoo wa Temeke
Nakaa kiti cha mbele. Ngoja waje wenye mahema yao.

#3 MamaWawili
Watatu, bila kufikiria mara mbili. Hao wenye viwanda wanahesabu sentimita 60 hivi kwa kila kichwa, yaani mmelala chali mikono kifuani. Hapo begi halipo, viatu havipo, maji ya kunywa hayapo. Na mtoto wa miaka sita usiku anazunguka mshale wa saa, saa nne kichwa kipo kwako, saa nane ni miguu.

Kingine ambacho wanaume hamkiangalii ni mbu. Neti ya hema haina dawa kama chandarua cha kitandani. Mtoto akilala mkono umegusa neti, mbu anamuuma akiwa nje hukohuko. Mimi wangu aliamka bega zima lina vipele na hema lilikuwa limefungwa vizuri. Ukiwa na nafasi unamlaza katikati, begi linakaa upande wa neti, mbu wabaki na begi.

#4 Fundi Turubai
BabaNasra, swali la pili nakujibu mimi kwa sababu watu huniletea mahema wakisema yanavuja wakati hayavuji. Maji ni pumzi zenu. Watu wawili wanapumua usiku kucha ndani ya kitambaa kimoja kisichopitisha hewa. Nje kumepoa, kitambaa kimepoa, mvuke ukigusa pale juu unakuwa maji, unateremka pembeni mpaka kwenye godoro. Kwenye tabaka mbili mvuke unapita kwenye neti, unagandia turubai la nje, unateremka nje ya neti mnakolala ninyi. Ndiyo maana bei zinatofautiana.

#5 Chumvi_Nyingi
Fundi nakuheshimu lakini hapana. Nimekulia Mjimwema. Gari likilala nje usiku mmoja tu, asubuhi linatiririka maji. Nani alilala ndani ya gari akapumua? Huo ni umande wa bahari, basi.

#6 Kijogoo wa Temeke
Jamani mnatafuta mbali. Mtoto kakojoa. Jirani anaona aibu kusema.

#7 MamaWawili
@Kijogoo 😂😂 Ila na hilo liwekeni kwenye orodha. Chini ya shuka la mtoto tandika nailoni, hata kama nyumbani alishaacha. Sehemu ngeni, giza, hataki kutoka nje, utajua hujui.

#8 Fundi Turubai
@Chumvi_Nyingi gari linalowa nje. Jirani kalowa ndani. Hapo tunaongea lugha moja kweli?

#9 Chumvi_Nyingi
Tunaongea lugha moja. Hema lililokaa ufukweni limeshika chumvi, na chumvi inavuta maji toka hewani. Angalia kopo la chumvi jikoni kwako msimu wa masika. Ukilala na hema hilohilo Dodoma halilowi, na pumzi ni zilezile.

#10 Mtu wa Kisarawe
Wote mmeangalia juu, hakuna aliyeangalia chini. Mchanga na udongo una unyevu wake, na huo unapanda usiku. Ukitaka kujua, acha turubai limetandazwa uwanjani jioni, alfajiri linyanyue uone upande wa chini. Ndiyo maana sisi tunatandika turubai kwanza ndipo hema linakaa juu yake.

Lakini hilo turubai la chini likunje liwe dogo kuliko hema. Likitokeza pembeni, mvua ikija linakusanya maji na kuyaingiza chini yako. Nimeona watu wanatandaza turubai la mita nne kwa sita chini ya hema la mita mbili wakidhani wamejihami.

Halafu mkuu Pugu karibu sana. Ukifika uliza habari za Pango la Popo, mtoto atafurahi.

#11 Msafiri Kata
Pugu ni ya TANAPA? Kiingilio chao kikoje kwa mtoto?

#12 Mtu wa Kisarawe
Hapana, TANAPA wana hifadhi za taifa kama Mikumi na Saadani. Pugu na Kazimzumbwi ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, upo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio kipo, waulize wenyewe kabla hujatoka maana viwango hubadilika. Na hilo pango halikujichimba lenyewe, ni mashimo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Wachimbaji wakaondoka, popo wakahamia.

#13 Mzee Skauti
Nimewasoma vijana. Hakuna aliyemuuliza huyo jirani hema lake lina umri gani na analihifadhi wapi.

Turubai la hema la kisasa limepakwa utando kwa ndani ili lisipitishe maji. Utando ule adui yake ni joto na unyevunyevu, na Dar vyote tunavyo bure. Hema likikunjwa likiwa bichi, likasukumwa uvunguni, utando unaanza kunata na kutoa harufu kali ya uchachu, baadaye unabanduka vipande vyeupe. Likifika hapo ni kitambaa cha kawaida. Umande tu unapenya.

#14 BabaNasra
Shikamoo mzee. Nimemuuliza sasa hivi hapa ukutani. Alilinunua mtumba Karume, linakaa uvunguni, na ndiyo, linanuka. Nikamuuliza maji yalikuwa juu, pembeni au chini? Kanijibu "kote".

#15 Mzee Skauti
Marahaba. Nadhani tumemaliza.

#16 Chumvi_Nyingi
Hatujamaliza mzee wangu. Unyevu uliouharibu huo utando ulitoka wapi kama si baharini?

#17 Fundi Turubai
Na "kote" maana yake na juu kulikuwa na maji. Pumzi.

#18 Kijogoo wa Temeke
"Kote" maana yake mtoto alikuwa na maji mengi.

#19 Dalali wa Hema
Jamani ninalo la watu wanne, limetumika kidogo, laki na ishirini, Sinza. Mwenye nia anitafute kwenye ujumbe wa siri.

#20 MamaWawili
@Dalali weka picha ya mshono na zipu, siyo picha ya kiwandani yenye mlima wenye theluji nyuma.

#21 Abuu Boda
Mimi naongelea usafiri. Hilo la kufyatua likikunjwa linakuwa duara pana karibu mita nzima. Kwenye boda ukilivaa mgongoni ni ungo, upepo wa Daraja la Nyerere unakusukuma huku na huku. Kwenye daladala kondakta anakudai nauli ya mtu wa pili. Lile la fito linaingia kwenye begi la kawaida. Kama una gari lako puuza nilichosema.

Na kulifyatua ni sekunde, kulikunja sasa! Utazunguka nalo ufukweni mtoto anacheka.

#22 BabaNasra
@Abuu gari ninalo ila dogo. Kumbe kukunja ni mtihani? Pale dukani kijana alilikunja mara moja tu.

#23 Abuu Boda
Kijana yule anashinda akilikunja kutwa nzima, mkuu.

#24 Nahodha Nchi Kavu
Naona mmekwama kwenye maji ya ndani, ya nje hamjayasema. Kimbiji unapiga hema wapi? Ukipiga kwenye mchanga ule msafi wa chini, umepiga kwenye njia ya bahari. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Na bamvua la huku linajaa alasiri na alfajiri. La alasiri utaliona, utasogea. La alfajiri litakukuta umelala.

Angalia mstari wa mwani mkavu na vifuu vilivyosukumwa juu. Hapo ndipo maji yalipofika. Hema likae juu ya huo mstari, tena kwa hatua za kutosha. Na usikimbilie kivuli cha mnazi, nazi haisemi "samahani".

#25 Msafiri Kata
Mkuu Nahodha na visiwani je? Nasikia unaweza kulala na hema Bongoyo, boti zinatoka Kunduchi.

#26 Nahodha Nchi Kavu
Umechanganya. Boti za Bongoyo watu wamezoea kuzipanda upande wa Msasani. Kunduchi ndiyo ya Mbudya, na Mbudya ndiko nilikoona watu wakilala na mahema. Vyote viwili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo huendi tu na mtumbwi wa rafiki yako ukatua, unalipa na unaomba ruhusa ya kulala. Kwa mtoto wa miaka sita mara ya kwanza mimi nisingeanzia kisiwani. Akiumwa tumbo saa saba usiku unaita boti gani?

#27 BabaNasra
Sawa kabisa, Kimbiji inabaki. Sasa upepo. Huu ni mwezi wa sita, kusi limeshika. Mlango nielekeze wapi?

#28 Nahodha Nchi Kavu
Mgongo kwa kusi, mlango uangalie kaskazini. Upepo ukiingia mlangoni hema linajaa na kung'oa vigingi.

#29 Mtu wa Kisarawe
Mimi nafanya kinyume. Pwani shida ni joto. Mlango wa neti upokee upepo, usiku mtalala vizuri. Na pumzi za Fundi zitatoka.

#30 Nahodha Nchi Kavu
Kisarawe kuna miti, mzee. Njoo Kimbiji uwanja wazi mwezi wa sita na mlango wako unaopokea upepo, tutakutafuta Unguja.

#31 Mzee Skauti
Chagueni hema lenye milango miwili au dirisha nyuma, ugomvi unaisha. Na kamba zile za pembeni zifungeni hata kama anga ni shwari. Watu wanaziacha kwenye mfuko kama zawadi.

Vigingi vinavyokuja na hema ni vyembamba, mchangani havishiki hata kidogo. Mchanga unataka hivi: chukua mfuko wa sandarusi au hata mfuko wa kitambaa wa sokoni, ujaze mchanga, funga kamba ya hema shingoni mwa mfuko, chimba shimo la kufika kwenye kiwiko, ufukie, kanyaga. Mfuko mmoja kila pembe. Mtoto mpe kazi ya kujaza mchanga, hatakuuliza simu.

#32 MamaWawili
@Mzee Skauti hiyo ya kumpa mtoto kazi nimeichukua.

BabaNasra kabla hujalipa hakikisha pia urefu wa kwenda juu. Ukae kitako na kichwa kisiguse. Kumvalisha mtoto ukiwa umelala kifudifudi ni mazoezi ya jeshi. Na taa ndogo ya kuning'iniza, iwake hafifu usiku kucha. Wa kwangu mdogo alikuwa jasiri mpaka taa ilipozimwa.

#33 Dawa Baridi
Naingia na jambo moja tu kwa sababu watu hufanya. Usiwashe dawa ya mbu ya kuzunguka ndani ya hema, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama mnasikia baridi na hata kama mkaa "umekufa". Kitambaa kinashika moto haraka mno, na hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Zipu ifungwe kabla ya magharibi, mpulizie mtoto dawa ya kujipaka, inatosha.

#34 BabaNasra
Asante @Dawa Baridi. Nilikuwa nimepanga jiko kwenye kibaraza cha hema, limehamishwa.

#35 Yanga Damu
Rangi je? Chukua la kijani na njano.

#36 Mnyama Mkali
Nyekundu mkuu. Hata likipeperushwa unaliona.

#37 Yanga Damu
Likipeperushwa nyekundu wananchi hatutakusaidia kulifukuza.

#38 Fundi Turubai
Rangi siyo mchezo, ni joto. La giza na lile la rangi ya fedha mchana hayako sawa. Ila hakuna rangi itakayokuokoa na jua la asubuhi la ufukwe unaotazama mashariki. Saa moja na nusu hakuna anayelala humo. Tafuta mti, mkwaju au mwembe, uwe mashariki yako ili kivuli chake kikuangukie asubuhi. Hicho cha jioni hakina kazi, jioni mko majini.

Na mchana kama hamlali ndani, lifunike au lishushe. Jua linakula kitambaa kuliko mvua.

#39 Mtu wa Kisarawe
Pugu ukija usisahau siafu. Mvua ikinyesha wanahama, na hawapindi kona kwa ajili ya hema. Mimi humwaga jivu kuzunguka na kuacha chakula ndani ya gari, siyo hemani. Tumbili nao wanajua kufungua begi. Komba anakuja usiku, huyo analia kama mtoto, muandae binti mapema asije akashtuka.

#40 Mama Ubungo
Hivi jivu linazuia siafu kweli? Kwetu tunasema ni mafuta ya taa.

#41 Fundi Turubai
Mafuta ya taa karibu na hema langu? Asante, nawakaribisha siafu.

#42 Chumvi_Nyingi
Jivu la mkaa au la kuni? Siyo yote yanafanya kazi.

#43 BabaNasra
Mrejesho. Leo nimeenda na Nasra mwenyewe. Nimemwomba muuzaji asimamishe la wawili pale mbele ya duka, akanuna kidogo, akasimamisha. Tumeingia, tumelala, watu wamejaa kutuangalia. Na begi moja la nguo pembeni, bega langu liko kwenye neti. Nasra hakugusa neti kwa dakika mbili, ya tatu kageuka.

La watatu tumelala na begi na bado yeye akawa na nafasi ya kukaa kitako achezee zipu. Nikaangalia na mishono: ya turubai la juu ina utepe uliobandikwa kwa ndani, sakafuni hakuna utepe pembeni. Mfukoni wameandika juu milimita 2,000, sakafu 1,500. Nikamuuliza muuzaji mbona chini ndogo, kaniambia "chini hakunyeshi".

Fito ni zile nyeupe za fiba. Moja ina ufa mrefu. Kasema italetwa nyingine Alhamisi.

#44 Fundi Turubai
Sakafu ndiyo inakaliwa na magoti yako, ndiyo ingetakiwa iwe na namba kubwa kuliko juu. Hiyo namba ni urefu wa maji ambayo kitambaa kinabeba kabla ya kupenya, na goti linasukuma zaidi ya mvua. Kwa mwezi wa sita usiogope, tandika turubai la chini alilosema Kisarawe. Masika usiende nalo kabla sijapaka gundi kwenye mishono ya sakafu.

Fito yenye ufa usiikubali hata kwa punguzo. Fiba ikizidiwa haibaki imepinda, inapasuka, na vile vijiuzi vyake vikiingia kidoleni kwa mtoto utalia wewe. Hata hiyo nzima funga plasta pale inapoungana.

#45 Mzee Skauti
Ukirudi na hema, kabla hujaenda popote lisimamishe nyumbani, ulimwagie maji kwa ndoo, ukae ndani. Baadaye lianike mpaka likauke kabisa, ukirudi toka pwani lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu. Zipu ikigoma paka mshumaa. Na uvunguni lisiende, litundike.

#46 Chumvi_Nyingi
"Lisuuze chumvi." Asante mzee, umenikubali bila kujua.

#47 Mzee Skauti
Nimesema zipu, kijana.

#48 BabaNasra
Nimelipia nusu, la watatu, nasubiri fito Alhamisi. Mama yake kauliza kama la watatu maana yake na yeye anatakiwa kwenda.

#49 Kijogoo wa Temeke
Ulimjibuje? Hapo ndipo uzi unaanza.

#50 Mama Ubungo
Wakuu samahani nawarudisha nyuma. Sisi tunaenda Morogoro na siyo pwani, udongo mgumu. Vigingi vya nondo wanakata wapi, Gerezani? Nahitaji vinane, urefu wa kiganja na nusu, na wasiniache na ncha inayochana turubai.